Fakihi na Chumba cha Mionzi

Fakihi, fundi makochi wa Manzese, alikaa miezi minne na siri yake. Kwenye uume wake kulikuwa kumeota kinundu kigumu, mfano wa punje ya dengu. Kiliuma, na kila uume uliposimama ulipinda upande. Kitandani akawa anampa mgongo mkewe, Munira, naye Munira akaamini kuna mwanamke mwingine.

Hospitali, daktari alimweleza kwamba hiyo si saratani. Ni kovu lililojijenga ndani ya nyama. Vidonge viliposhindwa kutuliza maumivu, daktari akapendekeza mionzi kidogo kwa siku tano. Ingeweza kupunguza maumivu, ila asitegemee palipopinda kunyooka.

Fakihi hakusikia zaidi ya neno mionzi. Kaka yake, Khalfani, alipigwa mionzi ya koo, na haikupita miezi mitatu wakamzika. Akawa na hakika kwamba naye ana saratani, ila anafichwa. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi kati ya wagonjwa waliokonda, na jina lake lilipoitwa, akainuka akatoka nje moja kwa moja.

Munira alikuta kadi ya hospitali mfukoni mwa suruali ya mumewe alipokuwa akifua. Alifunga mlango, akaiweka mezani.

"Baba Najat, nimekuwa nikimchukia mwanamke ambaye hayupo," alisema. "Unaumwa nini?"

Fakihi akamwambia yote, macho yakiwa sakafuni.

"Naogopa," alisema. "Khalfani naye aliambiwa atapona."

Wakaenda hospitali pamoja. Munira ndiye aliyemuuliza daktari amejuaje kama si saratani. Daktari akawaonyesha kovu kwenye picha ya ultrasaundi, akaeleza taratibu mpaka Munira akaridhika. Fakihi akamfuata mhudumu hadi chumba cha mionzi.

Mhudumu alimlaza, akamfunika korodani kwa bamba zito la kuzuia mionzi, akatoka. Mlango ukafungwa. Mashine ikavuma. Fakihi alingoja kuungua. Hakuhisi chochote, na hilo lilimtisha zaidi: kilikuwa kinaingia mwilini mwake kitu asichoweza hata kukihisi. Akasoma dua zote alizozijua, nyingine akazikosea.

Alirudi siku zote tano. Baada ya wiki sita maumivu yakapungua, kisha yakaisha. Kupinda kulibaki, ila yeye na Munira walirudiana kitandani, polepole, bila haraka.

Hofu haijamtoka. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana hujipapasa kwa kidole gumba, akipima kama kinundu kimekua. Munira humsubiri amalize, kisha humwita wanywe chai.