Waache, Wanacheza Tu

Dada yangu haambiliki wala hasemezeki. Tangu mumewe afariki tunashona makochi pamoja, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye fremu na nyundo, na sijawahi kumwona akibadili neno lake kwa sababu ya neno langu. Ukimwambia kitambaa hiki kitafumuka, anakikata. Kikifumuka, anasema kitambaa ndicho kibovu. Nami ulimi wangu haujalala, kwa hiyo wateja wetu wamezoea kutusikia kabla hawajatuona.

Paka alitujia mwenyewe. Alizalia nyuma, kwenye chumba cha sponji, na watoto wake hawajafumbua macho vizuri, akagongwa na gari mbele ya mlango wetu. Walibaki wawili, mmoja wa kijivu na mwingine mweupe mwenye madoa meusi. Hatukujisumbua na majina, tukawaita Jivu na Madoa. Nilidhani Dada atanituma nikawatupe. Kumbe simjui. Aliwanywesha maziwa kwa bomba la sindano, akawalaza kwenye kapu la vipande vya velveti, na asubuhi nikawa namkuta kazini ameshafika, yeye ambaye miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namsubiri na ufunguo. Nyumbani kwake hakuna mtu, watoto wameoa na kuolewa, chakula anakila amesimama. Wale paka walimrudishia kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba dada yangu ana mwanya.

Walipopata miguu wakaanza mieleka. Jivu anajificha nyuma ya robota la kitambaa, Madoa akipita anamrukia shingoni, anamwangusha, anamkumbatia na kumpiga mateke ya tumbo kwa miguu ya nyuma. Hakuna anayelia. Ukipepesa macho, Madoa yuko juu na Jivu yuko chini. Mimi nilikuwa naweka nyundo chini nawatazama, kiingilio bure.

Dada hakuweza. Kila akigeuka akiwakuta wamebiringishana hivyo, anauachia mshono katikati, anakimbia kuwatenganisha. Alisema watauana. Nikamwambia hapana, hao wanacheza. Mimi nimelelewa na shangazi, na kwa shangazi ilikuwa paka juu, paka chini, hilo nalijua hata usingizini. Nikamwonyesha: tazama masikio, yamesimama. Makucha wameyaficha. Aliye chini sasa hivi atakuwa juu. Na ukiwaachanisha, hakuna anayekwenda kujificha, anarudi kutaka tena. Wakigombana kweli, masikio yatalala kichwani na manyoya yatawasimama.

Akanisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Nikamwambia ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Akasema hao hawagombani, hao wanamalizana, kwani sisikii walivyo kimya? Mimi nikaona ni ukaidi wake uleule. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba ni aibu mwanamke mzima kuogopa mchezo wa watoto. Natamani ulimi ungenikauka siku ile. Dada alimchukua Jivu, akamfungia kwenye kabati la nyuzi hadi tulipofunga kazi.

Kesho yake Madoa hakuwepo. Dada alikuwa amempa mzee anayetuuzia mbao za fremu, akamchagua Madoa kwa sababu tu mara ya mwisho yeye ndiye aliyekutwa juu. Nilifoka. Yeye akakanyaga cherehani. Tukakaa hatusemezani, na kubeba kochi la watu watatu na mtu msiyesemezana naye ni adhabu, hujui atashika wapi wala atageuka lini.

Jivu alilizunguka lile kapu akilia, siku nyingi. Alipochoka kulia, akahamia kwenye mikono ya Dada. Mtoto wa paka hujifunza kipimo cha meno kwa mwenzake: akimng'ata mno, mwenzake anaacha kucheza, naye anajua kumbe hapo pameuma. Jivu aliondolewa mwalimu darasa likiwa nusu. Alikuwa na upendo wote na hana kipimo. Vidole vya Dada vikajaa mikwaruzo, damu ikadondokea kitambaa cha wateja, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kuguna. Hakumpiga hata siku moja. Siku moja alimtazama anavyomng'ata, akasema, "Nimemtoa mtu asiye na kosa."

Nilikuwa nimelingoja neno kama hilo tangu nianze kumjua. Lilipokuja, halikunipa raha hata kidogo.

Mimi ndiye niliyesema twende tukamwombe Madoa. Miezi ilikuwa imepita, lakini mke wa muuza mbao alitupatia kwa mikono miwili, maana Madoa alikuwa hatoki chini ya kitanda kwa kuwaogopa mbwa wao. Dada alilibeba boksi mwenyewe njia nzima. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, anaongea na boksi, anamwambia leo utamwona ndugu yako. Tulipofika aliniahidi kwamba safari hii hatawaingilia, atawaacha wacheze hadi wachoke, kama nilivyomfundisha. Nikafurahi kama mjinga. Nikamwambia tazama masikio tu, basi, nikarudi mbele kwenye kiti cha mteja.

Sisi mafundi wa makochi hutia misumari midogo mdomoni. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, kwa hiyo msumari unautoa kwa ulimi, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimejaza mdomo nilipozisikia zile kelele. Zilikuwa kelele za kuchunana ngozi. Na juu yake, nikamsikia dada yangu anacheka.

Kwa misumari mdomoni huwezi kumwita mtu. Niliitema, mmoja ukanichoma ulimi, nikakiachia kitambaa, nikakimbilia chumba cha sponji. Dada amesimama karibu na mlango, mikono kifuani, uso wake umekunjuka kama siku za mwanzo.

"Wasikie," akaniambia. "Waache, wanacheza tu."

Jivu alikuwa kwenye kona, masikio yamelala, mkojo umemtoka, na Madoa anamrukia, anatoka, anamrukia tena. Niliwatupia kitambaa kizima cha kochi kilichokuwa mlangoni. Nilipomwinua Jivu, jicho lake moja lilikuwa limekwisha.

Daktari wa mifugo alilitoa. Alituambia kwamba wale walikuwa ndugu kwetu sisi, si kwao. Waliachana wadogo, kila mmoja akashika harufu ya nyumba nyingine, na walipaswa kuonyeshwa kidogo kidogo, mlango ukiwa katikati, siku baada ya siku. Sasa mmoja wao imempasa aondoke, na asirudi. Dada aliuliza kama baadaye, wakikua, watapatana. Daktari akatikisa kichwa. Madoa akarudi kwa muuza mbao ndani ya boksi lilelile, na safari hii nililibeba mimi.

Niliporudi karakana nilikuwa nawaka. Dada ameketi chini kwenye vipande vya sponji, Jivu mapajani, kichwa chake kimefungwa bandeji. Ningeweza kumwacha. Sikumwacha.

"Nilikuambia utazame masikio, Dada. Hukuyaona masikio?"

"Sikuwa natazama," akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

Sauti sikuwa nimemtajia, ni kweli. Nani asiyejua sauti ya paka wakipigana? Nikamwambia hivyo, tena kwa ukali. Ndipo akaniambia mambo ya nyumbani kwetu, taratibu, huku anamkuna Jivu shingoni, kama anayemsimulia yeye.

Mimi Baba nilimjua kwa likizo tu. Shangazi alinichukua sijaanza shule, nikawa nakwenda kwetu mara moja moja, na nyumba niliikuta imetulia, Baba ameketi hasemi neno, Mama anatembea kwa vidole. Nilikuwa nikirudi kwa shangazi nalia. Nilimwona Dada amebarikiwa, yeye wa kukaa kwenye amani ile, mimi wa kutupwa kwa watu. Kijicho hicho nilikua nacho. Kila tulipogombana kwa ajili ya kitambaa au mteja, chini yake kilikuwa hicho.

Dada akasema Baba alipokuwa anafoka, akitukana bati na nyundo na serikali, hapo walikuwa salama, walikula na kulala. Wakati mwingine alifoka kwa furaha, na Mama akamjibu kwa kelele, wakacheka. Ubaya ulikuwa akinyamaza. Akinyamaza, Mama naye alinyamaza, hata alipopigwa hakulia, na Baba hakutoa sauti. Ungepita dirishani usingejua. Mtu ulitakiwa uingie katikati mapema, kabla hakujawa kimya kabisa, na mara nyingine Dada aliwahi, mara nyingine hakuwahi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwepo.

"Mimi ndiye niliyemwomba shangazi akuchukue," akasema. "Ulikuwa umeanza kujificha chini ya kitanda. Nikasema nitakurudisha mambo yakitulia. Ikawa miaka, na uliporudi hukunitaka."

Nilikaa naye pale kwenye sponji. Nilitaka kumwambia kwamba si kweli, nilimtaka, ila nilirudi nimekwishajifunza kumchukia. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la mwanamke mzima kuogopa mchezo wa watoto. Jivu akaamka, akageuza kichwa chote kutafuta mkono wa Dada uko wapi, akaung'ata, na dada yangu akamwacha ang'ate.