Wati Mia Mbili na Hamsini

Mimi mwoga, na sioni aibu kusema. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mume wangu Mhina alipogeuza sebule yetu pale Manundu kuwa chumba cha gemu, kitu cha kwanza nilichotazama ni madirisha. Yote yana nondo. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, wa sebuleni, na kompyuta akaiweka pembeni yake, karibu na soketi. Chumba cha nyuma alilala mama yake, ambaye hakuwa akitembea tangu apate kiharusi.

Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua biashara, huyu saluni, yule kibanda cha simu. Mhina akaona vijana wa Korogwe wanapenda mpira wa kwenye kompyuta, akanunua kadi kubwa ya picha ili wachezaji wasigandegande kwenye skrini. Fundi Laurenti alimwambia wazi, mbele yangu:

"Kaka, kadi hii inataka umeme mwingi. Weka pawa saplai, kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme, ya wati mia tano, tena halisi."

"Mia tano? Taa ya wati mia tu inamaliza umeme wa LUKU. Hiyo si itatufilisi!"

"Sufuria kubwa halikulazimishi kupika kilo tano. Kompyuta itachota inachohitaji tu. Ila ukiweka ndogo, ikizidiwa itaungua."

Mhina akacheka, akachukua ya mia mbili na hamsini. Mume wangu akishaamua kubana, humwambii kitu.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Gemu ikinoga, mashine ilizimika yenyewe. Mhina akaiwasha, ikazimika, akaiwasha tena. Nyuma yake palichemka hata kiganja huwezi kukiacha hapo. Nilisonga ugali huku nanusa hewa.

"Mume wangu, tutaungua humu ndani."

"Mwaija, wewe radi ikipiga mbali kule Magoma unaingia uvunguni."

Vijana wakaangua kicheko. Lakini mama mkwe alikuwa amenisikia. Aliniita, akaninong'oneza, "Mwanangu, ukisikia harufu, usiniache." Nikamwapia. Kuanzia hapo nikawa na hofu mbili, yangu na yake.

Ijumaa moja baada ya swala, sebule imejaa vijana na Mhina yuko nje anaongea na jirani, nilikuwa namkanda mama mkwe miguu kwa mafuta ya nazi. Nikasikia mlio, paa! Vijana wakapiga kelele, wakatoka mbio wote. Harufu ya plastiki ikaja. Nilipochungulia sebuleni, nyuma ya kompyuta palitoka moshi mweusi na ndimi za moto.

Nilimshika mama mkwe kwapani nimnyanyue, lakini alikuwa mzito na mikono yangu ina mafuta, akaniteleza. "Usiniache," akasema. Nikaita, "Mhina! Mhina!"

Akatokea kwenye mlango wa sebuleni, ameziba pua. Macho yetu yalikutana, mimi nikiwa nimemkumbatia mama yake. Kisha akainama, akang'oa nyaya, akaibeba kompyuta na kutoka nayo.

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule. Kupitia mlango ulio wazi nilimwona akifika uani. Akarudi anakohoa, akaingia chumbani. Mama mkwe akamtazama.

"Umemaliza? Haya, sasa nibebe na mimi."

Akambeba. Nje, majirani wakimwagia mchanga ile mashine, Mhina alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, moto ulikuwa humo. Nilikuwa natoa moto."

Huenda ni kweli, maana nyumba haikuungua. Lakini mimi niliona. Mtu anayetoa moto huutupa. Yeye aliitua polepole, kwa mikono miwili, juu ya mkeka uliotandikwa uani.

"Sawa, mwanangu," mama mkwe akasema. Kisha akanishika mkono mimi, na hakuuachia mpaka jua lilipozama.