Nyumba Iliyovuka Ziwa

Ubao wa tatu ulipobanduka, misumari ililia kama kuku aliyeshtuliwa usingizini, na mwenye nyumba akasema kama chini yake hamna kitu nitaupigilia mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye majani yaliyolowa umande, pembeni mwa nyumba ya mtu niliyemfahamu kwa nusu saa tu, mkononi nimeshika mtaimbo wa marehemu mume wangu. Nyuma yangu ziwa lilikuwa limetulia tuli. Wifi yangu Aslaug alisimama kando, amekumbatia mkoba wangu kama mtoto mchanga, na ndani ya mkoba ilikuwamo ile picha. Tangu alfajiri nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba siombi muujiza. Naomba kujua tu, liwe tamu au chungu.

Picha yenyewe si kubwa kuliko kiganja. Mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya magogo ya orofa moja, ameshika mkono wa mtoto wa kike wa miaka sita hivi, na mtoto amekunja uso kwa sababu ya jua. Nyuma yao kuna maji. Upande wa pili wa karatasi mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: nyumbani, 1903. Yule mtoto ndiye bibi yangu, mzaa mama. Aliitwa Sigri.

Sigri alifika bondeni kwetu akiwa na miaka kumi na sita, kuja kufanya kazi za ndani katika shamba la Skardet, na kwa desturi ya siku zile akaitwa Sigri Skardet. Kwetu Norwe mtu alivaa jina la shamba analoishi kama avaavyo koti la kazi. Akihama, koti linabaki msumarini, anavaa la kule aendako. Alipoulizwa kwao ni wapi alisema alizaliwa Ostli, kijishamba cha mlimani upande wa kaskazini. Watu walikwenda Ostli. Hawakukuta nyumba, walikuta mawe ya msingi na magugu. Na ziwa halikuwapo, wala dimbwi. Basi wakaanza kusema kwamba yule msichana ameokota jina la watu, na kwamba huenda ni mtoto wa wale watu wa barabarani, wanaolala leo hapa kesho kule.

Bibi hakubishana nao. Aliolewa, akazaa, akazeeka, akazikwa, na lile neno likabaki hai. Mama yangu alilirithi. Darasani kwao mwalimu alikuwa akitundika ramani ya bonde, kila mtoto anakwenda kuonyesha kwa kidole shamba la babu zake upande wa baba na wa mama. Mama akionyesha moja, mkono wa pili ameuficha chini ya aproni. Aliniambia jambo hilo mara moja tu maishani, tukiwa tunamenya viazi, na hakuinua macho.

Kwetu kila parokia ina kitabu chake. Shamba kwa shamba, nyumba kwa nyumba, kinaeleza nani alikaa, alimzaa nani na alikufa lini. Kitabu chetu kilikuwa kazi ya Mwalimu Tollef, mwalimu mstaafu aliyekusanya habari kwa miaka kumi na moja. Kabla ya kukipeleka kupigwa chapa, mwaka ule wa 1994, alitandaza karatasi zake juu ya meza za ukumbi wa kanisa ili kila ukoo usome kurasa zake na kusahihisha.

Mimi nilisoma miaka saba tu, siku moja shuleni, siku inayofuata zizini. Kusoma kwangu ni kwa kidole. Kidole kilipofika Skardet kikasimama. Palikuwa pameandikwa: Sigri, mtumishi. Kwao hakujulikani. Alidai kuzaliwa Ostli, lakini picha aliyoiacha si ya huko. Huenda alitoka kwa watu wa kutangatanga.

Nilimwendea Mwalimu Tollef, nikamwambia bibi yangu hakuwa mwongo. Hakunikasirikia. Ni mtu wa haki yule, na tatizo la watu wa haki ni kwamba wakikosea wanakosea kwa ushahidi. Alinieleza taratibu kwamba kweli daftari la kanisa lina mtoto Sigri aliyebatizwa Ostli mwaka 1897, binti wa Torkjel, mpangaji wa pale, akanionyesha na mkataba wa huyo Torkjel, uliotiwa alama badala ya sahihi. Halafu familia nzima inatoweka vitabuni, pengine walikwenda Amerika kama wengine. Kisha akaninyanyulia ile picha niliyokuja nayo.

"Ostli ni mteremko mtupu, hata mbuzi hulala wamesimama, Bi Torgunn. Sasa hili ziwa lilikwenda wapi? Lilinywewa?"

Watu kwenye meza ya kahawa walicheka, si kwa ubaya sana. Mwalimu akaongeza kwamba atangoja mpaka Jumapili ya kwanza ya Majilio. Baada ya hapo karatasi zinakwenda, na kitabu kikishapigwa chapa hakipigwi tena hadi sisi sote tuwe udongo.

Nikarudi nyumbani na wiki saba mkononi. Mama alikuwa na miaka sabini na sita, yuko kwenye nyumba ya wazee, na kila Alhamisi nilipomtembelea aliuliza swali lile lile: kitabu kimefika wapi, na wameandika nini juu ya mama yangu? Nilimwambia bado wanaandika. Sijazoea kumdanganya mama. Jumapili ile sikushiriki meza ya Bwana, kwa sababu uongo ule sikuwa nimeutubu.

Nilichokuwa nacho ni macho tu. Nikaiweka ile picha mezani jikoni, chini ya dirisha, na lenzi aliyoitumia marehemu Halvard wangu kutolea vibanzi vya miti kidoleni. Asubuhi baada ya kukamua ng'ombe, naitazama. Baada ya chakula, naitazama. Nilishaijua kila kifundo cha kilemba cha yule mwanamke. Siku ya tisa, au ya kumi, niliacha kuwatazama watu, nikaitazama nyumba.

Halvard alikuwa fundi wa nyumba za magogo. Nusu ya kazi yake haikuwa kujenga, ilikuwa kuhamisha. Huku kwetu nyumba ya magogo haina msumari wa kuifunga, inashikana yenyewe pembeni kama vidole vya mikono miwili. Mtu akitaka, huishusha gogo moja moja, akaipeleka anakotaka, akaipandisha tena. Lakini kwanza kila gogo hukatwa alama kwa shoka. Mkato mmoja gogo la chini, miwili la pili, mitatu la tatu, na ukuta wa pili alama zake nyingine. Halvard alikuwa akiwaambia vijana wake: "Usipoiandika nyumba kabla ya kuishusha, utakuja kusimamisha banda la kuku."

Pale kwenye kona, juu tu ya bega la yule mwanamke, mikato ilikuwapo. Minne, juu yake mitano, juu yake sita.

Nilikaa kitako. Kahawa ilipoa. Watu wazima wa bonde zima, na Mwalimu Tollef kinara wao, na mimi mke wa mhamisha nyumba pamoja nao, kwa miaka themanini tulikuwa tumeitafuta nyumba mahali ilipozaliwa, kana kwamba nyumba zina mizizi. Ile nyumba ya pichani ilikuwa imeshushwa na kupandishwa. Ilikuwa imehama.

Ziwa alilitambua Aslaug. Nilimwita kwa simu, akaja na skafu yake imefungwa upande, akainama na lenzi na kusema kwamba kile kijiti ng'ambo ya maji si mti, ni mnara wa kanisa, na kanisa hilo kwaya yao iliwahi kuimba humo. Lilikuwa kanisa la Haugvatn, saa mbili kwa gari. Nikamuuliza ana hakika? Akasema, "Wifi, niliimba pale na viatu vipya vilivyonibana. Mahali kama hapo mtu hasahau."

Katika ofisi ya parokia ya Haugvatn sikumuulizia Sigri Ostli. Nilimwomba karani anitafutie mtu yeyote aitwaye Torkjel. Ukurasa wa waliohamia miaka ile ulikuwa umelowa zamani, wino umekuwa wingu. Lakini kwenye orodha ya kipaimara ya mwaka 1912 alikuwamo Sigri Nesset, binti wa Torkjel Nesset, na tarehe ya kuzaliwa ni ya bibi yangu, siku kwa siku. Aslaug alinibana mkono mpaka ukauma. Mimi nilijua bado. Mwalimu Tollef angesema akina Torkjel ni wengi na tarehe zinagongana. Jina la Nesset lilikuwa koti jingine, na mimi nilitaka mwili uliolivaa.

Ndiyo maana nikawa magotini pale Nesset, kwenye nyumba ambayo miaka ya baadaye ilivishwa mbao na kupakwa rangi nyeupe. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mjane, Anfinn, mwenye mabega kama mlango wa zizi. Tulipomweleza tunataka kubandua mbao za ukuta wake aliuliza kama tumetumwa na mtu wa bima.

Chini ya ubao wa tatu palikuwa na magogo meusi ya msonobari, makavu kama mfupa. Nikapitisha kidole kwenye ukoga. Minne. Mitano. Sita. Nikaomba ruhusa ya kubandua ubao mmoja tu tena, ule wa juu ya mlango, kwa sababu huko ndiko mwenye nyumba alikoweka alama yake. Zamani, asiyejua kuandika alikuwa na alama ya kwake, aliyoichora kwenye mkataba na kuichonga kwenye mali yake, na hakuna mwingine aliyethubutu kuitumia.

Anfinn alipanda ngazi mwenyewe. Ubao ukatoka na kiota kikavu cha ndege. Nyuma yake, umechongwa ndani kabisa ya gogo, palikuwa na msalaba wenye miguu miwili iliyopanuka, na nukta moja kila upande.

Nilikuwa nimeiona alama ile. Niliiona wiki tano nyuma, juu ya meza ya ukumbi wa kanisa, katika karatasi za Mwalimu Tollef mwenyewe, kwenye kurasa za Ostli, chini ya mkataba wa Torkjel mpangaji.

Sikupiga kelele. Nilivua kitambaa kichwani, sijui kwa nini, nikasimama hivyo hivyo na nywele zangu za mvi mbele ya mgeni. Anfinn alishuka ngazi, akasema baba yake aliinunua ile nyumba kwa wazee fulani, na kwamba alipokuwa mdogo alisikia ililetwa juu ya barafu ya ziwa kwa mizigo kumi na minane ya farasi, katika kipupwe kimoja. Yeye alidhani ni uongo wa wazee.

"Miaka hamsini nalala humu," alisema, "kumbe nalala kwa watu. Ingia ndani, mama. Sasa mwenyeji sijui ni nani."

Tulikula jibini la kahawia na mkate, na Aslaug akacheka mpaka akatoa machozi kwa jambo ambalo silikumbuki. Kisha nikaweka karatasi juu ya ile alama, nikasugua kwa mkaa, ikatoka safi.

Jumamosi kabla ya Majilio ukumbi ulikuwa umejaa, maana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Niliweka karatasi yangu ya mkaa kando ya mkataba wa Torkjel. Mwalimu Tollef alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Alisoma mkataba kwa sauti, mpaka pale panaposema ardhi ni ya mwenye shamba lakini magogo ya nyumba ni ya Torkjel. Hapo akaishusha karatasi. Mwenye shamba alikuwa ameitaka ardhi yake, na Torkjel alimwachia ardhi yake. Kile kilichokuwa chake alikipakia.

"Nimekisoma kipande hiki mara ishirini," Mwalimu alisema mwishowe. "Na ghala langu mwenyewe nyumbani lilitoka bonde la pili. Babu yangu ndiye aliyelihamisha." Akatazama meza ya kahawa. Safari hii hakucheka mtu. "Niandike nini, Bi Torgunn?"

"Andika ulichokiona."

"Na hii ya watu wa kutangatanga?"

"Ifute. Si kwa sababu ni aibu, wale nao ni wa Mungu. Ifute kwa sababu si kweli."

Akachukua kalamu, akapitisha mstari mmoja mrefu, mbele ya watu wote. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaona haya, akaacha. Kisha wengine wakayaanza upya, na mimi nikajishughulisha na vifungo vya koti langu.

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua, kizito, kinanuka gundi. Alhamisi nilikipeleka kwa mama. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, na chumba cha pili alikuwamo Borghild, binti wa shamba kubwa kuliko yote bondeni, aliyekaa naye darasa moja enzi za ile ramani. Walikuwa wakisalimiana kwa adabu kila asubuhi tangu mwaka juzi, na zaidi ya hapo hakuna.

Nikaweka kidole, nikasoma. "Sigri, alizaliwa Ostli, binti wa Torkjel. Baba yake alipotolewa kwenye ardhi aliishusha nyumba yake, akaivusha juu ya ziwa lililoganda kwa mizigo kumi na minane, akaisimamisha Nesset, ambako imesimama hata leo."

Nikamtazama mama. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani, wazi. Kisha akajiweka sawa kitini, akavuta sweta lake chini kama mtu anayetaka kupigwa picha.

"Soma tena, mwanangu," alisema. "Ila kwanza fungua mlango. Borghild siku hizi hasikii vizuri."

Nikaufungua mlango mpaka ukagusa ukuta, nikasoma.