Nyumbani kwa Mwenye Gari

Jumanne ile Nafissa alirudi na mkate, akausukuma mlango wa nyumba yake pale Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, kwa goti, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, na mlango ukagota kwenye bampa. Akajipenyeza kwa ubavu. Renault nyeupe ya mumewe ilikuwa imekaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na kitanda cha wageni, uso wake ukielekea chumba cha kulala. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani, kwa hiyo aliweka mkate juu ya boneti, akaenda kuchemsha chai.

Mlango ule ulikuwa na upana wa mtu mmoja aliyeshiba. Kichochoro kinachofika hapo kilikuwa chembamba zaidi. Hata kabati la vyombo liliingizwa vipande vipande mwaka wa harusi. Magari ya Badjanani hulala nje ya mtaa, karibu na Msikiti wa Ijumaa, na hili nalo lililala huko jana yake. Kuta za nyumba hazikubanduka hata chokaa. Gari ndilo lililoumia: taa moja imepasuka, kitasa kimoja kimeng'oka, na mbavu zote mbili zimechubuka toka mbele hadi nyuma.

Taki alitoka chumbani akijifunga kikoi.

"Nani kaliingiza?"

"Limeingia," alisema Nafissa. "Kunywa chai, inapoa."

Taki alilizunguka nusu, maana nusu ya pili ilikuwa imeegemea ukuta. Alikuwa akipakia abiria kati ya Moroni na Ikoni, na tangu apate gari alijifunza kutembea taratibu, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayengojwa. Sasa alichuchumaa mbele ya taa.

"Taa yangu!" alisema. "Masikini taa yangu!"

Roukia, jirani, alikuja kuomba kaa la moto. Alitoa salamu, akaona viti havifikiki, akafungua mlango wa gari na kuketi kiti cha nyuma.

"Wenzako huletewa magari mlangoni, shoga," alisema. "Wewe umeletewa kitandani." Kisha akapitisha kidole kwenye mchubuko. "Mbona chini ni njano?"

Nafissa alifuta pale kwa pindo la leso. Chini ya rangi nyeupe palikuwa na dhahabu. Akakiokota kile kitasa kilichoanguka, akakisugua, na dhahabu ikatokea na vitone vitatu vilivyogongwa kwa msumari mwembamba. Alivijua. Alivichezea utotoni, kwenye bangili za koko wake, yaani bibi mzaa mama.

Dhahabu ile ilitoka kwa koko ikaja kwa mama, ikatoka kwa mama ikaja kwake pamoja na nyumba. Mwaka wa kwanza wa uhuru, serikali ya mapinduzi ilipoanza kuzikataza harusi kubwa, Taki alimwambia, "Bangili hizo utazivalia wapi sasa?" Zikauzwa, na gari likanunuliwa kwa Mfaransa aliyekuwa akifunga mizigo. Ada inajulikana na kila mtoto wa kisiwa cha Ngazidja: kilichonunuliwa kwa dhahabu ya nyumba ni cha nyumba, na nyumba ni ya mwanamke. Lakini ofisini, kwenye kuandikisha kadi ya gari, karani aliuliza jina la mwenye gari, Taki akasikia jina la dereva. Masikio ya Taki yalikuwa na tabia hiyo. Hayakukosea hata siku moja kwa hasara yake.

"Na jina langu?" Nafissa aliuliza siku ile.

"Jina la nini? Si sisi ni kitu kimoja?"

Hakuuliza tena. Lakini alikuwa akilingoja jina lake lirudi, kama mtu anavyongoja sufuria iliyoazimwa.

"Bima ipo," alisema Taki, akimalizia chai. "Watalipa."

Ofisi ya bima ya Moroni ilifungwa wazungu walipoondoka, na wakala pekee aliyebaki alikuwa katika mji wa Mutsamudu, kisiwa kingine. Masharti yalitaka mwenye gari aje na mwenye nyumba. Wakapanda meli ya mizigo, juu ya magunia ya unga, Taki na kadi ya gari mfukoni, Nafissa na kitasa ndani ya leso.

Wakala, mzee Saïndou, alikuwa na chumba kimoja kichochoroni. Kwa kuwa bima haikuwa na wateja, aliuza pia ndoana na mafuta ya taa. Alifungua daftari.

"Ajali ilitokea wapi?"

"Nyumbani," alisema Taki.

"Barabara gani?"

"Sebuleni."

Saïndou aliandika: sebuleni. "Liliingia kwa njia gani?"

"Mlangoni," alisema Nafissa. "Ndiyo maana limechubuka."

"Lazima," alisema Saïndou, akaandika. "Bima hii hulipa ajali za nyumbani, ila iwe nyumbani kwa mwenye gari."

"Ni nyumbani kwangu," alisema Taki.

Mzee aliweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma.

"Una nyumba, mwanangu? Hongera. Mimi nina miaka sitini na sijawahi kuwa nayo. Nimezaliwa kwa mama, ninalala kwa mke, na nikifukuzwa nitakwenda kwa dada."

Taki alikohoa. "Ni ya mke wangu."

"Basi gari la mtu limeingia nyumba ya mtu mwingine. Hilo halilipwi. Huyu bibi akiwa na ulimi, atakudai wewe kwa kumsumbulia kabati."

Nafissa alifungua leso, akaweka kitasa mezani. Saïndou alikipima kiganjani, akakisogeza mlangoni penye mwanga.

"Vitone vitatu," alisema. "Huyu ni sonara wetu wa kichochoro cha pili, Mungu amrehemu. Alimfulia nani?"

"Koko wangu."

"Eeh! Basi gari ni la huyu bibi, nalo limeingia nyumbani kwake. Hapo hulipwa yote, mpaka taa." Alichovya kalamu, akamgeukia Taki. "Kadi ina jina lako, kwa hiyo neno ni lako. Nifute Taki, niandike Nafissa?"

Mteja aliingia akataka mafuta ya chupa moja. Saïndou alimpimia, akamrudishia chupa, akakaa tena. Taki bado alikuwa akiitazama kalamu. Nafissa alimtazama Taki.

"Ikoni nzima inaniita mwenye gari," alisema Taki hatimaye. "Nikirudi wataniita nani?"

"Dereva," alisema Nafissa kwa upole. "Si kazi ya haramu."

Taki aliikunja kadi, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo.

"Andika lisilipwe."

Saïndou akaandika. Alimrudishia Nafissa kitasa kwa mikono miwili, kama arudishiwavyo mtu amana yake, akampa na ndoana tatu za bure.

Waliporudi Moroni, gari lilikuwa limesogea shubiri moja kuelekea chumba cha kulala. Nafissa aliweka mito kwenye viti na sufuria kubwa ndani ya buti. Wageni walizoea, wazee walipenda kiti cha mbele. Taki alikwenda Ikoni kwa gari la watu, akashuka taratibu, mkono mmoja mfukoni, na watu wakaendelea kumwita mwenye gari.

Mwaka uliofuata serikali ilichoma karatasi za ofisi zote. Majivu yalianguka juu ya paa za Badjanani na juu ya nguo zilizoanikwa. Roukia alikuja akijikung'uta mabega.

"Shoga, leo hakuna aliyeandikwa chochote! Gari halina mwenyewe tena. Chukua kalamu!"

Nafissa alimtazama Taki, aliyekuwa ameegemea boneti akizungumza na wageni wawili. Taki alipapasa mfuko wa shati, shati alilokuwa akilala nalo tangu Mutsamudu.

"Yangu ipo," alisema. Akawageukia wageni. "Kama nilivyokuwa nikisema, hili gari langu..."

Gari likasogea shubiri nyingine. Nafissa akaingia chumbani, akakivuta kitanda mpaka ukutani, upande anaolala Taki, ili gari lipate nafasi, kisha akarudi kuwamiminia wageni chai.

Mpaka leo hulifuta vumbi kila asubuhi. Akifika kwenye michubuko hufuta polepole, na dhahabu huzidi kuonekana. Kadi iko mfukoni mwa Taki, safi, haina mchubuko hata mmoja.