Ng'ombe ya Mahali

Mshika mbili moja humponyoka, na mawakili wa miji midogo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini nani atashiba akishika moja? Alhamisi hiyo Tabby Nyaguthii alikuwa na kesi mbili asubuhi moja. Ya Bungoma ilikuwa na mashahidi watano waliokwisha kuja bure mara mbili. Ya Kitale ilikuwa ni mzee Wabwile kusomewa shtaka tu, dakika tatu na kwisha. Akampigia simu wakili mwenzake, Ngige, amshikie.

"Atakana," alimwambia. "Wewe omba dhamana. Mimi nitafika saa nane."

"Hiyo ni ndogo sana, bana," Ngige alisema.

Wabwile alikuwa mkulima wa Bumula, mtu wa kanisa, hajawahi kugusa hata kuku wa jirani. Binti yake Nasike aliolewa Moi's Bridge, na mwana wa mzee Wekoye. Kati ya ng'ombe wa mahari, mmoja mwekundu alikuwa na mimba, na wazee wa pande zote wakakubaliana abaki kwa Wekoye mpaka azae. Akazaa. Wabwile akaenda akamchukua pamoja na ndama, mchana kweupe, akisalimia kila aliyekutana naye njiani. Wakati huo wakwe walikuwa wameshagombana, naye Wekoye akakimbilia polisi kusema ameibiwa. Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Hata wakili aliyeanza kazi juzi angeishinda, maana mtu haibi chake.

Jana yake Tabby alikuwa amemsikiliza kituoni. "Ile ng'ombe ni ya mahali," mzee alimwambia, tena na tena. Kwao l na r hubadilishana viti, na Tabby, Mgikuyu, hana mdomo wa kumcheka mtu kwa herufi hizo. Alimwelewa, akaandika kwenye faili: mahari. Kisha akamfundisha kwamba akiulizwa, ajibu si kweli. Mzee aliitikia kwa heshima. Lakini ng'ombe si alimchukua kweli? Umwambie mcha Mungu aseme hakumchukua? Hapo Tabby alikosea, tusifichane. Na faili lile akaenda nalo Bungoma.

Alifika Kitale saa nane na nusu. Ngige alikuwa amesimama nje ya korti, akiangalia viatu vyake.

"Alikubali," alisema.

"Alikubali nini?"

"Shtaka. Aliulizwa kama alichukua ng'ombe, akasema ni kweli. Akaulizwa kama ana la kuongeza, akasema ng'ombe ni ya mahali."

"Na wewe ukakaa?"

"Nilidhani anasema alimtoa mahali fulani. Karani naye akamtafsiria hakimu hivyo hivyo. Nilikuwa na kesi saba, Tabby."

"Mahari, Ngige. Alisema mahari. Wewe, ambaye nyanya yako hajatamka l maisha yake yote, ukashindwa kusikia?"

Wote wawili walijua sheria. Neno hilo lingesikika sawasawa, hakimu asingepokea kule kukubali. Angeandika kwamba mzee amekana, na kesi ingesikilizwa. Sasa hukumu ilikuwa imeshatoka, miaka mitano. Rufaa ipo, ndiyo, lakini rufaa husoma yaliyoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba mzee alikubali wizi. Tabby alijichukia siku hiyo, akamchukia Ngige, akaichukia na Bungoma yote bila sababu. Kisha akashuka kwenda seli, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kwenda.

Wabwile alisimama alipomwona, akavua kofia. Hakuonekana kuwa na wasiwasi wowote.

"Mama wakiri, nimesema yote vile ilikuwa. Hakimu amenishukuru, ati sijapotezea korti wakati."

"Mzee, nisikilize..."

"Shida ni moja tu. Karani anasema miaka mitano. Sasa kungojea kesi miaka mitano, mtu wa umri wangu, si ni mingi? Mwambie hakimu aisongeshe karibu kidogo, nikuje na wazee waeleze hiyo maneno ya ng'ombe."

Tabby akamweleza. Ikabidi amweleze mara mbili.