Altare ya Shangazi

Mwanamume aliyeingia kwa sonara asubuhi ile alikuwa na haraka. Salamu aliitikia nusunusu, akaweka mfuko wa plastiki mezani, akatoa kitu kilichoviringishwa kwa taulo.

"Niyeyushie hii, dada. Nataka kipande kimoja tu, kisicho na alama."

Sonara alifungua taulo. Ilikuwa altare ndogo ya fedha, ya kusalia nyumbani, ukubwa wa kiganja, yenye milango miwili ya kukunja. Ndani, Bikira Maria alimpakata Mtoto. Pembeni walisimama malaika ambao nyuso zao zililika kwa kuguswa miaka na miaka. Bawaba ya kushoto ilikuwa ya shaba. Aliitia mwenyewe, mwaka juzi, kwa ajili ya shangazi yake.

Shangazi aliishi peke yake, mtaa wa pili. Kila alfajiri aliifungua altare hiyo na kupiga magoti. Wanunuzi wa vitu vya kale walimsumbua sana, naye aliwajibu kwamba angeuza figo kwanza, tena zote mbili.

"Kitu kizuri hivi umekipata wapi?" sonara aliuliza.

"Cha marehemu bibi yangu."

Neno *marehemu* lilimkata maini.

"Moto bado haujakolea. Nipe dakika tano."

Akaingia nyuma ya pazia, akampigia shangazi. Simu iliita sikioni mwake. Iliita pia upande wa pili wa pazia, ndani ya mfuko wa plastiki.

Alikata, lakini alishachelewa. Pazia lilivutwa. Yule mtu alishika simu ya shangazi, akisoma kwenye kioo.

"'Mwanangu Sonara,'" alisoma polepole. "Kumbe ni ndugu."

"Yuko wapi?"

"Kwake. Mwenzangu anamlinda. Ukipiga kelele, nampigia mwenzangu. Ukifanya kazi yako, kila mtu anakula chakula cha mchana salama."

Akafunga mlango wa duka kwa komeo.

Sonara aliwasha moto. Koleo liligongagonga ukingo wa chungu cha kuyeyushia. Milango iliinama kwanza, kisha malaika, kisha yule Mama na Mwanawe wakawa tone moja linalong'aa. Yeye alikuwa Mkristo wa Krismasi na Pasaka, lakini pale alisali kila alichokumbuka, akaanza Baba Yetu akamalizia na Salamu Maria.

"Unanong'ona nini?"

"Napima joto."

Mtu yule alichukua kipande kikiwa bado vuguvugu. "Robo saa usitoke," akasema, akafungua komeo na kuondoka.

Sonara hakutoka. Hilo lilimtia aibu baadaye: alikaa akiitazama saa ya ukutani hadi dakika ya kumi na tano, huku mlango uko wazi na watu wanapita. Ndipo alipotimua mbio.

Nyumba ya shangazi haikufungwa. Droo zilikuwa chini, godoro limepasuliwa.

"Shangazi!"

Kimya. Kisha kitu kikagonga mlango wa bafu, ambao kitasa chake kilifungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Aliikata kwa kisu cha jikoni. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo umevimba, macho makavu.

"Mwenzake yuko wapi?" sonara alinong'ona.

"Mwenzake gani? Alikuwa peke yake."

Sonara alikaa sakafuni. Alieleza yote, bila kuficha hata dakika zile kumi na tano. Shangazi aliitazama mikono ya binti wa kaka yake, myeusi kwa masizi.

"Ilikuwa ya mama wa bibi yangu," alisema. Kisha akamvuta kifuani. "Ungebisha, leo ningekuwa naosha maiti yako. Nyamaza, mwanangu."

Lakini aliyelia alikuwa shangazi mwenyewe.

Polisi waliandika maelezo, na mtu yule hajapatikana mpaka leo. Shangazi alihamia kwa sonara wiki hiyohiyo. Peke yake hakai tena. Duka lilifungwa mwezi mzima. Lilipofunguliwa, mume wa sonara aliomba likizo kazini, akaweka kiti mlangoni kumlinda, na mkewe akaweza tena kushika kiberiti na kuwasha moto.