Mche wa Kumi na Saba

Kazini walimwita Bi Maswali, na jina lilimkaa. Kwa miaka minne alikuwa akiisaka asili ya ndulele ndani ya mbilingani. Ndulele huota ovyo majalalani, ina miiba, hakuna anayeitaka, lakini mnyauko unaoua mbilingani hauiwezi. Kituo cha utafiti kiliizalisha na mbilingani, kisha uzao ukazalishwa na mbilingani tena na tena, hadi ya ndulele yakabaki masalia tu. Bi Maswali alisaga majani, akatoa vinasaba, akatafuta kile kipande kinachozuia mnyauko. Kikiwepo, hujionyesha chini ya taa kama mstari wa pili.

Asubuhi hiyo, miche thelathini, mstari wa pili hakuna. Na mkuu wa kituo alishasema: bila mstari huo, Ijumaa banda la miche linafyekwa. Bi Maswali alitamani kulia.

Badala yake akarudia kusoma majibu, maana udadisi ni ugonjwa usio na dawa. Miche ishirini na tisa ilikuwa na masalia mengine ya ndulele, hapa na pale. Wa kumi na saba haukuwa na hata chembe. Mbilingani mtupu! Mtoto gani huyo asiyechukua chochote kwa upande wa pili?

Alikwenda bandani mbio. Mtunza miche alikuwa shangazi yake mwenyewe, dada wa baba, asiyependa kuharakishwa.

"Shikamoo, shangazi. Huu wa kumi na saba umeutoa wapi?"

"Marahaba. Ule wako ulidumaa, nikautoa, nikaziba pengo kwa mwingine. Mstari wenye pengo ni aibu kwa mtunzaji."

"Ukautupa?"

"Nitupe kitu kizima? Nimekuwa mwehu?" Akamwonyesha kopo la rangi nyuma ya mlango wa stoo. Ndani yake mlikuwa na kamche kafupi, majani yamejaa miiba midogo. "Kila nikikamwagilia kananichoma. Hakana adabu kabisa."

Bi Maswali akakata kipande cha jani.

Alasiri alimwita shangazi maabara. Chini ya taa, mistari miwili.

"Miaka minne, kwa hicho kistari?"

"Kwa hicho hicho."

Shangazi akatoka, akaelekea bandani.

Ijumaa mkuu alikuta kamche kamerudi kwenye namba yake. Miche ya kulia na kushoto ilikuwa imehamishwa kukapisha. Shangazi alisimama mbele ya mapengo yale mawili, ameshika kopo la maji, wala hakuona aibu.